Yatima Nyumbani Mwako: Umemlea au Umemtumia?

Nataka leo, ewe ndugu msomaji, tuzungumze juu ya neno moja ambalo sisi watu wa pwani tunalitumia sana, nalo ni neno "kulea". Twasema fulani analea yatima. Twasema fulani amemchukua mtoto wa nduguye kutoka shamba ili amsomeshe. Nasi tukisikia hivyo twamuombea dua na twamuona kuwa ni mtu wa kheri. Na wallahi wako wengi walio watu wa kheri kweli kweli. Tangu zamani nyumba zetu zimelea watoto wasiokuwa wa tumbo la mwenye nyumba, wakala sahani moja na wenzao na wakaozwa kwa shangwe moja, hata jirani mgeni asiweze kujua nani ni wa kuzaliwa na nani ni wa kulelewa. Hao sina haja ya kuwasifu, malipo yao yako kwa Mola wao.

Maneno yangu ni juu ya wale wengine.

Mtu hufa huko Kwale, au Kilifi, au Lamu, akaacha mjane na watoto. Siku ya tatu, khitma ikishasomwa na watu wakishakula, hutokea jamaa wa mjini akasema mbele ya watu: "Huyu wa pili nitakwenda naye Mombasa, nitamsomesha." Watu husema masha Allah. Mjane, ambaye yumo edani na hana la kusema, hulia na kushukuru. Mtoto hufungiwa nguo zake katika kijifurushi, na kabla jua halijatua yumo ndani ya matatu.

Mwezi mmoja baadaye nenda kamtazame. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri akateleka chai, ili watoto wa nyumba wakiamka wakute kila kitu tayari. Huwavisha sare zao, huwapeleka mpaka kituoni, hurudi. Huosha vyombo, hufua, hupiga deki, na mdogo yuko mgongoni. Mchana hupika. Alasiri hutolewa meza mlangoni akauza viazi vya karai na mabuyu, na hesabu ya jioni ikipungua shilingi kumi, maneno atakayoambiwa siku hiyo sitaki kuyaandika hapa. Watu wote wakishalala ndipo naye hupata kulala, tena sebuleni juu ya mkeka, mahali anapopita kila aingiaye na atokaye. Na shule je? Mwaka wa kwanza husemwa nafasi zimejaa. Mwaka wa pili husemwa cheti cha kuzaliwa hakipatikani. Mwaka wa tatu husemwa, "Ashakuwa mkubwa, ataona haya kukaa na watoto wadogo." Na bado mbele za watu husemwa kwamba huyu analelewa!

Mimi huwaona watoto hawa chuoni, kwa sababu hakuna mtu apendaye kusemwa kuwa amemnyima yatima dini. Shule atamnyima, lakini chuoni baada ya Maghribi atamleta. Nimesomesha zaidi ya miaka 40, na mtoto wa namna hii siku hizi namjua kabla hajanena: mikono yake hunuka vitunguu, na somo likifika kati, kichwa chake huanguka juu ya marufaa. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka kama 11, mwenye hifadhi kali ajabu. Ukimsomea aya mara mbili, mara ya tatu yeye ndiye anayekusomea. Kijana mmoja anayenisaidia kusomesha alitaka kumtia adabu kwa kulala kwake. Nikamwambia, muulize kwanza jana amelala saa ngapi. Yule mtoto akajibu, "Maalim, jana sikulala. Mtoto alikuwa na homa, na mimi ndiye ninayekesha naye."

(Na kwa vile tumegusa adabu, niseme neno moja kwa walimu wenzangu. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake, aliyoiandika mwaka 1377, ameweka mlango mzima wa kueleza kwamba ukali juu ya wanafunzi unawaharibu, kwa kuwa mtoto aliyelelewa kwa mabavu hujifunza uwongo na hila ili aokoke na mkono ulio juu yake. Na kabla yake kwa miaka mia tano, Ibn Sahnun wa Qayrawan ameandika kitabu kizima juu ya adabu za walimu, na katika hizo ni kwamba mwalimu asimpige mtoto naye ana hasira, na asiwatume watoto kwa haja zake mwenyewe. Basi wale wanaowatuma wanafunzi kuwatekea maji na kuwafulia kanzu, wasiseme kuwa ndiyo mila ya wanavyuoni.)

Nikaenda nyumba ile pamoja na mke wangu na bibi mmoja mzee wa mtaa, ambaye hakuna mlango wa Mombasa asiofunguliwa. Tukakaribishwa vizuri. Maji ya ndimu yaliletwa, na aliyeyaleta ni yule yule mtoto. Mwenye nyumba akasema: "Sheikh, mimi huyu nimemchukua kwa ajili ya Mungu. Kwao hawana hata unga. Kwani watoto wa nyumba hawafanyi kazi? Mimi mwenyewe nimelelewa kwa kazi, na leo nashukuru." Mimi nilikuwa nikitafuta aya ya kumsomea. Yule bibi mzee hakutafuta kitu, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, na huyu wako aliye rika lake, yeye kazi yake ni gani hapa nyumbani?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo ana masomo mengi."

Jibu hilo, ndugu msomaji, lilitosha kuwa mizani ya mas-ala haya yote. Kazi ya nyumbani si dhulma. Mtoto kuteka maji, kufagia, kumshika mdogo wake, hayo ni malezi, na asiyefunzwa hayo huwa mzigo kwa watu. Dhulma ni pale nyumba moja inapokuwa na watoto wa namna mbili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kuwatumikia wanaosoma.

Lakini pia nitakuwa mwenye kudhulumu nikikuficha upande wa pili. Mama yule hakuwa mtu mbaya. Mumewe yuko Arabuni kwa kazi, pesa huja mwezi mmoja na miezi miwili zisije. Ana watoto wanne na kibanda cha nguo sokoni. Alihitaji mtu wa kazi, na hakuwa na mshahara wa kumlipa. Siri yote ni hiyo. Na nimeona kuwa katika nyumba nyingi siri ni hiyo hiyo: kazi ni nyingi, mtu mzima ana bei, na yatima hana bei. Basi mwenye kupanda mimbari akawalaani watu hawa kisha akashuka akaenda zake, hajamfaa mtoto hata kidogo.

Tutazame sasa dini yetu inasemaje. Wengi huisikia ile hadithi katika Sahihul Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) na mwenye kumdhamini yatima watakuwa pamoja Peponi, akaonyesha kwa vidole vyake viwili. Wakishaisikia huhesabu kuwa mtoto akishaingia mlangoni mwao tu, vidole vile viwili ni vyao. Hawatazami neno lenyewe lililotumiwa, nalo ni "kafili". Kafili ni mdhamini, mtu aliyebeba deni la mwenzake mabegani mwake. Hebu nambie, ni mdhamini gani huyu ambaye yeye ndiye anayelipwa na mdhaminiwa, kwa jasho lake, kila siku tangu alfajiri?

Na yatima katika sheria yetu ni mtoto aliyefiwa na baba kabla hajabaleghe. Kwa hiyo wengi wa hawa tunaowaita mayatima wana mama zao, wahai, wako huko shamba wakiwalilia usiku. Suratul Baqara, aya ya 220, imeeleza kuwa la kheri ni kuwatengenezea mayatima mambo yao, na kwamba tukichanganyika nao basi wao ni ndugu zetu. Sasa kutengeneza ni nini? Mara nyingi kutengeneza ni kumuacha mtoto kwa mamake, na ile sadaka uliyokusudia kumlisha Mombasa ukaipeleka huko huko. Gunia la unga, sare, ada ya chuo, na nauli ya afisi ya vyeti. Tumepiga hesabu hiyo mara nyingi msikitini kwetu, na kila mara huwa ni ndogo kuliko gharama ya mtoto kulishwa mjini kwa haki yake. Huzidi tu gharama ya mtoto anayelishwa makombo.

Mtume wetu mwenyewe alikuwa yatima. Babake, Abdullah, alikufa kabla hajazaliwa. Mamake, Amina, akamfia njiani, mahali paitwapo Abwaa, naye ni wa miaka sita. Na babu yake, Abdul Muttalib, akafa yeye akiwa na miaka minane. Ammi yake, Abu Talib, aliyemchukua, hakuwa tajiri. Na alipohamia Madina, msikiti wake ulijengwa juu ya kiwanja cha mayatima wawili wa Bani Najjar, majina yao Sahl na Suhayl. Wamepokea wanavyuoni kwamba wale vijana walitaka kukitoa bure kwa ajili ya Mungu, na Mtume akakataa mpaka kikanunuliwa. Fikiri juu ya jambo hili. Ni kiwanja cha msikiti, mnunuzi ni Mtume wa Mungu, wenyewe wameridhia kwa ndimi zao, na bado mali ya yatima haikuchukuliwa bila ya thamani. Sisi leo twachukua utoto wake wote, na tukiulizwa twasema ameridhika, hulii wala haombi kurudi kwao.

Wako wanaotoa hoja ya Anas bin Malik, kwamba naye alipelekwa kwa Mtume akiwa mtoto wa miaka kumi akamtumikia. Ni kweli. Lakini aisomaye hadithi hiyo na aisome mpaka mwisho. Aliyempeleka ni mamake, Ummu Sulaym, na mama huyo alikuwa papo hapo Madina. Akatumikia miaka kumi, naye mwenyewe ndiye anayesimulia kwamba katika muda wote huo hakuwahi kutolewa neno la kuguniwa, wala kuulizwa kwa nini umefanya hili au kwa nini hukufanya lile. Na alipotoka katika nyumba ile alitoka na elimu. Zimepokewa kwake hadithi zaidi ya elfu mbili. Basi mwenye kumtolea hoja Anas, na atuonyeshe mtoto wake ametoka nyumbani mwake na elimu gani.

Kuna jambo jingine ambalo watu huona haya kulitaja, nami nitalitaja. Msichana wa kulelewa si maharimu wa wanaume wa nyumba ile, isipokuwa ikiwa kuna nasaba au kunyonya kunakomfanya hivyo. Anapokaribia kubaleghe, naye analala sebuleni, na vijana wanaingia saa sita za usiku, na mwenye nyumba amesafiri, hiyo ni khatari iliyo wazi. Na likitokea la kutokea, yeye ndiye huambiwa amepotoka, na yeye ndiye hurudishwa kwao na tumbo, na mambo yakazimwa kwa jina la heshima ya ukoo. Nimeshuhudia hayo kwa macho yangu. Mtoto mahali pake pa kulala pawe na mlango, na mlango uwe na komeo kwa ndani, na awe pamoja na wasichana wenzake. Asiyeweza hayo asichukue msichana wa watu.

Hapa ndipo hutokea ndugu zetu wakasema, "Sheikh naye ameshaingiliwa na mambo ya haki za watoto, maneno ya Wazungu." Wallahi si kila linalosemwa kwa jina hilo nalikubali, na lile nisilolikubali husema. Lakini mtu asikatae asichokisoma. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, katika kifungu chake cha 20 unapotaja njia za kumlea mtoto aliyekosa watu wake, umetaja kwa jina lake kafala ya sheria ya Kiislamu. Neno letu hilo limo humo, kwa matamshi yetu. Na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022, iliyoshika mahali pa ile ya 2001, nayo imeitaja kafala: kwamba ni kumchukua mtoto aliyekosa malezi ya watu wake, pasina kupewa jina la ukoo wa mlezi wala kurithi moja kwa moja. Hivyo ndivyo tulivyosoma chuoni, kwa sababu Suratul Ahzab imeamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Hata Zayd bin Haritha, aliyekuwa akiitwa Zayd mwana wa Muhammad, alirudishiwa jina la babake, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Mlezi atakaye kumuachia mtoto kitu ana mlango wa wasia, kwa kiasi cha thuluthi ya mali yake.

Na katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imempa kila mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa, na elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kinga dhidi ya kutumiwa kazi za kumdhulumu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imekataza kumuajiri kabisa mtoto aliye chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 haruhusiwi ila kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia na masomo. Sasa yule anayefanya kazi za mtumishi bila hata ya mshahara wa mtumishi, aliyemuweka hivyo ana udhuru gani, mbele ya kadhi au mbele ya hakimu?

Nitaeleza tulivyofanya mtaani kwetu, kwa sababu kusema peke yake ni rahisi. Kwanza tumeliacha jambo hili mikononi mwa wanawake. Wanaume hukaa baraza ya msikiti wakatoa hukumu nzuri sana, lakini hawaingii jikoni mwa watu, na mtoto yuko jikoni. Kina mama watano, miongoni mwao muuguzi mstaafu na mwalimu wa chekechea, walizunguka nyumba kwa nyumba mwezi wa Shaaban, kwa salamu na mazungumzo, bila ya daftari mkononi. Daftari waliandika baadaye. Wakatuletea majina ya watoto wa kulelewa walio mtaani, na ni wengi kuliko tulivyodhani. Baadhi yao wamo katika hali njema kabisa. Wengine ndio hao niliowaeleza.

Kazi ya pili ikawa vyeti. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa huzungushwa shuleni, na jina lake likitakiwa kwa mtihani wa taifa huwa ni taabu juu ya taabu. Kusajili mtoto aliyechelewa huhitaji kitambulisho cha mzazi au mlezi, kadi ya kliniki ikiwako, na barua ya chifu. Na akiwa babake amekufa, cheti cha kifo hufaa kuwa nacho. Mtu mmoja akifuata hayo peke yake hukata tamaa siku ya pili. Tukampata kijana anayejua kujaza fomu, akawa akikaa ukumbi wa madrasa kila Jumamosi asubuhi, na mzee wa mtaa akakaa pamoja naye, barua zikaandikwa papo hapo. Hakuna kazi tuliyoifanya ndogo kuliko hii kwa macho, na sijui iliyofaa watoto zaidi yake.

Wala si ajabu kwa msikiti kufanya mambo haya. Mwaka 1986, hapa hapa Mombasa, ilianza kazi ya shule za chekechea zilizofungamana na madrasa, akiiongoza Bi Swafiya Said kwa msaada wa wakfu wa Aga Khan; ikaingia Unguja mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Kina mama wa mitaani, ambao wengi wao hawakuwa na masomo marefu, walifunzwa wakawa walimu, na wanakijiji wenyewe wakawa ndio wenye shule. Walioona mwanzo wake wanakumbuka maneno yaliyosemwa, kwamba chuo cha Qurani kitaharibika kwa vibao vya rangi na michezo ya kokoto. Hakikuharibika.

La tatu ni mali. Mtoto mmoja tuliyemkuta akiuza maji stendi alikuwa na haki katika shamba la minazi aliloliacha babake, na ammi yake, ambaye ndiye "mlezi", alikuwa akiuza nazi kila miezi mitatu na hesabu hakuna anayeijua. Suratun Nisaa imeweka mambo haya wazi mno: aya ya pili inakataza kubadili kizuri cha yatima kwa kibaya, aya ya sita inaamrisha wawekwe mashahidi siku ya kumkabidhi mali yake, na aya ya kumi imetoa onyo la moto ambalo kila muislamu analijua. Tukamwendea yule ammi wazee watatu. Alikasirika, tukarudi. Tukaenda mara ya pili, akasema atatoa hesabu, hakutoa. Mara ya tatu tukamwambia kuwa mama wa mtoto ataipeleka mirathi kwa kadhi, nasi tutakuwa mashahidi. Sasa hesabu inaandikwa, na shamba bado liko.

Hapa ndipo palipozuka mzozo mkubwa katika kamati yetu. Je, ikiwa mtu ameambiwa hakusikia, tumpeleke kwa afisa wa watoto wa serikali, au tumsitiri kwa kuwa ni muislamu mwenzetu? Mmoja wetu, mtu mzima ninayemheshimu, alishika sana neno la sitara. Nikamjibu kuwa Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim amepambanua: sitara ni kwa dhambi iliyokwisha pita ya mtu asiyejulikana kwa ufisadi, ama dhulma inayoendelea huzuiwa, na asiyeweza kuizuia huipeleka kwa mwenye mamlaka. Mtoto anayepigwa leo, na jana, na kesho, hiyo si aibu ya kufunikwa. Tukakubaliana hivi: nyumba yenye unyonge husaidiwa kwanza, na kuzungumzwa nayo; lakini mtoto akiwa amejeruhiwa, au ameingiliwa, hatungoji kikao, hupelekwa hospitali na afisa wa watoto na polisi wakaambiwa siku hiyo hiyo. Na nambari ya simu 116, ambayo kupiga ni bure, imeandikwa kwa rangi ukutani chuoni, chini ya ratiba ya masomo, na watoto wote wameihifadhi. Yule mzee mwenzetu hakuridhika moja kwa moja, lakini brashi ya rangi ni yeye aliyeinunua.

Ama yule msichana mwenye hifadhi kali, mamake alipomaliza eda aliitwa, akaja, wakazungumza mama kwa mama. Ikaonekana arudi kwao Kwale. Msikiti umetoa sare na ada ya chuo, na mama amepewa mtaji mdogo wa kuuza maandazi. Mwenye nyumba wa Mombasa sasa huja kwake mama mtu mzima mara tatu kwa wiki kumfulia, kwa ujira, na watoto wake wakubwa wamefunzwa kupiga deki. Nasikia walinuna sana wiki ya kwanza. Mvulana mmoja hatukumuwahi. Watu wa nyumba yake walisikia kina mama wanazunguka, wakahama usiku, na mtaa waliohamia hatujaujua. Jina lake limo ndani ya daftari, na mbele yake pameachwa nafasi wazi.

Shaaban ijayo kina mama watazunguka tena, na mara hii watavuka mpaka mtaa wa pili, kwa kuwa imamu wa huko ametuomba. Ewe msomaji uliye na mtoto wa kulelewa ambaye hana cheti, usingoje shule zifunguliwe. Nenda mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na asili za karatasi zako mkononi wala si nakala, kwani Januari foleni ya afisi ile hutoka mpaka barabarani, na aliye nyuma hurudi nyumbani na jua lake.